Mkono wa Fundi Ndani ya Redio

Kabla ya Uhuru, bidhaa za ng'ambo zilifika Mwanza kwa njia mbili kubwa: reli iliyoingia hapa kutoka Tabora mwaka 1928, na meli zilizozunguka ziwa zikitia nanga Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Redio za valvu zilipita njia hizohizo, zikauzwa kwenye maduka ya Wahindi, zikabebwa kwa baiskeli na mitumbwi hadi vijijini. Nimekuja kuzitafuta zilizobaki. Wakusanyaji wengi wa redio kuukuu husaka ile ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani. Mimi nasaka iliyoguswa: yenye valvu isiyokuwa yake, waya ulioungwa upya, kapasita iliyong'olewa kwenye kifaa kingine. Redio ya namna hiyo imebeba historia ya Kanda ya Ziwa ambayo ni vigumu kuipata kwenye vitabu.

Kuanzia Makoroboi ni kuanzia mahali panapofaa. Katikati ya kelele za machinga, eneo hili lilipata sifa kwa mafundi bati waliogeuza mikebe kuwa taa za koroboi, faneli na majiko. Mji huu ulijifunza zamani kwamba kitu kilichokufa kazi moja kinaweza kuanza nyingine. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya chumba chembamba, kijana anabadilisha vioo vya simu kwenye meza ya mbele. Meza ya nyuma ni ya babu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu ukae. Ni wewe uliyesema unataka kuona valvu?"

Mezani pake kuna Philips ya mbao ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, imelazwa kifudifudi. Kioo cha stesheni kina ufa, kitambaa cha spika kimetoboka. Mzee hajali uso wake. Ameondoa kifuniko cha nyuma, akanisogezea taa.

"Redio usiianze kwa mbele, mwanangu. Ianze kwa chini, walipopita wenzetu."

Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Uzi ulio ndani hupashwa moto, elektroni huruka kuelekea kwenye bamba lenye volti mia mbili na zaidi, na wavu mwembamba uliosimama katikati huzizuia au kuziachia kufuatana na mawimbi yanayoingia. Valvu za Ulaya zina majina yanayosomeka. Herufi ya kwanza hutaja umeme wa kupashia moto: D ni volti 1.4 za betri, E ni volti 6.3 za transfoma, U ni zile zinazofungwa mfululizo na kupitisha miliampia 100. Herufi zinazofuata hutaja kazi: L ni valvu ya kusukuma spika, Z ni rektifaya ya kugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja. Fundi akishika chupa iliyofutika nusu ya maandishi, herufi mbili zinatosha kumwonyesha pa kuanzia.

Redio hii ilitoka kiwandani na valvu za aina ya Rimlock: miguu minane myembamba na kinundu kidogo cha kioo ubavuni. Nne bado zipo. Ya tano, EL41 iliyokuwa ikisukuma spika, imeondoka. Mahali pake fundi wa zamani ameweka EL84, valvu ya kizazi kilichofuata, yenye miguu tisa. Haikuweza kuingia kwenye tundu lile, kwa hiyo aling'oa soketi nzima, akapanua tundu la bati kwa tupa, akafunga soketi mpya kwa skrubu mbili zisizofanana. Alama za tupa bado zinaonekana. Ukitazama juu juu, utasema ni kazi ya kubahatisha.

Mzee akaelekeza ncha ya bisibisi kwenye rezista moja. "Soma hiyo."

Ilikuwa ya omu 220. Hapo ndipo nilipomwelewa aliyenitangulia. EL84 ikifanya kazi yake ya kawaida kwa volti 250 hufungwa rezista ya omu 135 hivi, na hupitisha miliampia 48. EL41 ilipitisha 36. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini transfoma ya redio hii ilisukwa kwa ajili ya 36, na transfoma inayozidishiwa mzigo kila jioni huungua. Ukiweka omu 210 au 220, EL84 inashuka hadi miliampia 36 hizohizo, na inakubaliana na transfoma ya spika iliyokuwa ya EL41. Fundi yule ama alikuwa na kitabu cha valvu mezani, ama alipima kwa mita mpaka akafika. Vyovyote iwavyo, alijua. Aliipa redio valvu aliyoweza kuipata, kisha akaifundisha valvu hiyo adabu za ile iliyoondoka.

Rektifaya nayo imeondoka. Badala yake kuna diodi mbili za silikoni aina ya BY127, nyeusi, zimefungwa chini ya bati. Mafundi wengi waliishia hapo, na redio zao zikafa mapema, kwa sababu diodi ya silikoni haipunguzi volti kama valvu. Tena hutoa volti zake zote papo hapo, valvu nyingine zikiwa bado baridi, na kapasita kubwa za kuchuja ndizo zinazopokea pigo. Katika redio hii kuna kipande cha waya wa jiko la umeme, kimezungushwa juu ya kigae cha kauri na kufungwa kati ya diodi na kapasita. Kazi yake ni kula volti zilizozidi. Hakikununuliwa dukani kama rezista. Kilitengenezwa hapa.

Kwa nini hapa, na kwa nini hivyo? Jibu limo katika miaka ya redio yenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Meli zilizokuwa za mamlaka moja ziligawanywa. Mwanza ilibaki na MV Victoria, lakini njia ya Kisumu, iliyokuwa ikileta vipuri kutoka Nairobi, ilikatika. Mwaka 1978 vita vya Kagera vilianza, na baada yake fedha za kigeni zikawa adimu mno. Ni miaka ambayo sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Nani angeagiza EL41 kutoka Uholanzi? Viwanda vya hapa nchini vilikuwepo: Philips walikuwa Arusha, na Matsushita wa Japani, wenye jina la National, walikuwa Dar es Salaam. Lakini vilikuwa viwanda vya redio za transista. Mwenye redio ya valvu alibaki na fundi wake.

Naye fundi alibaki na maiti za redio nyingine. Sehemu nyingi za Philips hii zilitoka kwenye redio zilizovunjwa, na mtu aliyezoea anaweza kuzipanga kwa umri. Kapasita za karatasi zilizofunikwa lami ni za kiwandani. BY127 zinaelekea miaka ya 1960 mwishoni na kuendelea. Kisha kuna kapasita moja ya plastiki, ya rangi ya chungwa, iliyong'olewa kwenye runinga. Hiyo inatuleta karibu zaidi na leo, kwani Zanzibar ilikuwa na runinga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka 1994. Ilibidi kwanza runinga zifike Mwanza, zitumike, zife, ndipo zigeuke ghala la vipuri. Na ndani ya mbao za kasha kuna maandishi ya penseli: herufi mbili na mwaka uliofutika, inasomeka sabini tu. Yaelekea redio hii ilipita mikononi mwa mafundi wasiopungua watatu, na kila mmoja alifanya kazi kwa kile alichokuta sokoni.

Tulichobadilisha siku ile ni kidogo. Mzee aliondoa waya wa shaba uliofungwa mahali pa fyuzi, akarudisha fyuzi. Aliondoa kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye EL84, kwa kuwa zikizeeka huvujisha volti kwenye wavu wa valvu na kuifanya ichemke mpaka bamba lake liwe jekundu. EL84 aliiacha. Diodi aliziacha. Waya wa jiko aliupiga mswaki, akaurudisha palepale.

Mjukuu wake alikuwa amesimama nyuma yetu. Ana wazo lake, na si la kupuuza. Redio hii inashika masafa ya kati na masafa mafupi tu, wakati vituo vya Mwanza, pamoja na Radio Free Africa iliyoanzia mjini hapa miaka ya 1990, husikilizwa siku hizi zaidi kwenye FM. Yeye huwatengenezea wateja redio za zamani kwa kutoa vyote vya ndani, kisha kuweka bodi ndogo ya bluetooth na spika mpya. Kasha linabaki sebuleni, muziki unatoka kwenye simu.

"Na wale waliobadilisha valvu, si walifanya hivihivi?" akaniuliza.

Ni swali zuri, na nimelifikiria njia nzima. Jibu langu ni kwamba wale walibadilisha sehemu ili redio iendelee kuwa redio. Kila walichoweka kilijibu kitu kilichokuwepo: omu 220 zinajibu miliampia 36, waya wa jiko unajibu rektifaya iliyokufa. Bodi ya bluetooth haijibu chochote ndani ya kasha. Inataka kasha likiwa tupu. Lakini mteja wake naye ana haki ya kusikia kitu. Babu yake ndiye aliyetupatanisha. Nyuma ya Philips kuna matundu mawili yenye mchoro wa sahani ya santuri, ya kuunganishia gramofoni. Kijana akaleta waya wa simu, akaupitisha kwenye rezista na kapasita ndogo, akauchomeka humo. TBC Taifa ikaingia kwa simu na kutoka kupitia EL84 ya fundi yule wa miaka ya sabini, kwa sauti nzito iliyojaa chumba. Hakuna waya uliokatwa. Sharti ni moja, na ni la uhai: jambo hili hufanywa kwenye redio yenye transfoma inayotenganisha umeme wa ukutani. Redio za valvu za U mara nyingi hazina transfoma hiyo, na bati lake lenyewe laweza kuwa na umeme. Ukiunganisha simu humo, umemshikisha mtu nyaya za TANESCO.

Kesho yake nilipanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Ni safari ya saa tatu na ushee, miamba ya Capri Point ikibaki nyuma na mitumbwi ya dagaa ikirudi kutoka kazi ya usiku. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na zamani za redio za valvu hakukuwa na umeme wa kuziwashia majumbani. Kwa hiyo redio za huku zilikuwa za ukoo mwingine: redio za betri.

Fedha ya kuzinunua ilitoka kwenye pamba. Chama kikuu cha ushirika cha kanda hii, Victoria Federation of Co-operative Unions, kilichoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, kiliwapa wakulima wa Kanda ya Ziwa sauti katika bei ya zao lao, na msimu ukiwa mzuri watu walinunua baiskeli, mabati, cherehani na redio. Sehemu nyingi za Afrika kilio kilikuwa hichohicho cha kusikia bila umeme. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilitengeneza kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, redio ya valvu nne ndani ya bati la mviringo kama sufuria, kwa bei ya pauni 5. Na cha kusikiliza kilikuwa kinaongezeka: kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili 1954, BBC 1957.

Bibi aliyetupokea kisiwani ameihifadhi redio ya betri ya marehemu mumewe juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe.

"Aliizima habari zikiisha tu," alituambia. "Watoto wakilia wanataka muziki, anasema betri haioti shambani. Ila siku ya Uhuru aliiacha mpaka usiku. Uwanja huu ulijaa watu."

Nilikuwa nimefuatana na fundi kijana wa Nansio, ambaye hajawahi kufungua redio ya valvu. Humo tulikuta DK96, DAF96 na DL96, ndugu wa kundi moja lililobuniwa kwa ajili ya kubana betri. Wa nne, aliyepaswa kuwa DF96, ni DF91. Huyo ni wa kundi lililotangulia. Miguu yao inakubaliana, kazi ni ileile, lakini uzi wa DF91 hunywa miliampia 50 pale ambapo DF96 ingekunywa 25. Valvu zote nne za asili zilikunywa miliampia 125. Baada ya badiliko zikawa 150. Mwenye redio alilipa tofauti hiyo kwa kila betri aliyonunua, na huenda hakuambiwa. Au aliambiwa, akakubali, kwa kuwa bila hivyo ni ukimya. Ukweli ni kwamba badiliko hili lilikuwa jepesi. Kama ingekufa DK96, DK91 isingeingia bila kuunga upya nyaya za soketi, kwa kuwa miguu yake haikupangwa sawa. Mafundi waliofanya hata hilo walikuwepo.

Kilichotushangaza zaidi ni kisanduku cha mbao kilichofungwa chini ya redio. Redio hizi zilihitaji betri mbili: ya volti 1.5 ya kuwasha nyuzi, na ya volti 90 ya mabamba. Transista zilipotawala, betri za volti 90 zilitoweka madukani. Kisanduku hiki kimegawanywa kwa vijiti katika safu, kila safu ina vipande vya bati la mkebe miisho yake, na upana wake ni wa betri ya tochi. Tulihesabu nafasi: 60. Betri 60 za volti 1.5 ni volti 90 kamili. Mtu fulani, hapa kisiwani au ng'ambo ya maji, alikaa na msumeno mdogo akatengeneza kiwanda cha umeme kwa ajili ya familia moja. Sisi tulitumia betri ndogo kumi za volti 9, kwa kuwa ndizo za leo na hesabu ni ileile. Kabla ya kuunganisha, nilimwonyesha kijana plagi mbili. Volti 90 zikiingia kwenye nyuzi kwa bahati mbaya, valvu zote nne huungua kwa mpigo mmoja. Alizifunga utepe wa rangi mbili, akaandika juu yake.

Kati ya mabamba ya kapasita ya kutafutia stesheni tulitoa mabaki ya wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi. Tulibadilisha kapasita moja iliyovuja. DF91 tuliiacha, na kisanduku cha betri 60 tukakirudisha mahali pake kikiwa tupu.

Tuliiwasha jioni. Kwenye masafa ya kati kulikuwa na mikwaruzo mitupu, na sababu yake ilionekana kwa macho: umeme wa radi ulikuwa ukimulika upande wa ziwa. Ziwa Victoria huwa na radi nyingi hasa usiku, na radi huharibu masafa ya kati kuliko kitu kingine. Ndiyo maana nchi za tropiki zilitengewa bendi zao za mita 60, 90 na 120, na redio nyingi zilizouzwa kwetu zilikuwa na bendi hizo. Tulipohamia masafa mafupi, sauti zikaja: Kiarabu, Kifaransa, tena Kiarabu, kisha muziki. Bibi akasogeza kiti. Kijana wa Nansio akawa anaandika kwenye karatasi: tarehe, kapasita ipi imetoka, ipi imeingia, DF91 imekutwa na imeachwa. Karatasi ile tuliigundisha ndani ya kasha.

Hilo ndilo ninalowaomba mafundi na wenye redio wote wa kanda hii. Kinachohatarisha maisha kiondolewe: fyuzi ya waya wa shaba, waya uliochunika, kapasita inayovuja, nobu iliyopotea kwenye bati lenye umeme. Kinachofanya kazi kwa usalama kiachwe, hata kama kitabu cha kiwandani hakikitambui. Na kila badiliko liandikwe. Fundi wa miaka ya sabini aliacha herufi mbili tu, tukalazimika kumfahamu kwa rezista yake.

Nilirudi Mwanza kwa nia ya kupita Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padre David Clement. Pale kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya mganga, na kuna nyumba ya mfua chuma na zana zake. Waliojenga makumbusho hayo walielewa kwamba aliyetengeneza majembe anastahili kukumbukwa pamoja na aliyetawala. Fundi redio ni wa ukoo huohuo. Kwa sababu ya kazi yake watu wa visiwani walisikia Uhuru, na vikundi vya wasikilizaji vya kampeni ya elimu ya afya kwa redio, Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchi nzima, vilitegemea redio zinazofanya kazi. Makumbusho yetu yaitafutie nafasi redio moja ya Kanda ya Ziwa. Isisafishwe mpaka ing'ae, wala isirudishwe ilivyotoka Uholanzi. Iwekwe chali, tumbo wazi, na kila kiraka kiandikiwe kilichokosekana, kilichowekwa badala yake, na sababu iliyokifanya kifanye kazi.